Numero 41 Hakurudi

Goma, Murara

Yaya Ferdinand, mukubwa wangu,

Tuko hai, Mungu anatusaidia. Rezo ya simu imekatwa tangu vita isogee, kwa hiyo ninamupa Ruffin wa boti karatasi hii avuke nayo ziwa mpaka Bukavu. Mutoto wangu Joyeuse ameota meno mbili. Frigo ya kutunzia damu inakunywa mafuta ya mazutu kuliko camion ya mizigo, lakini sampuli za wagonjwa wa kolera wa kambi ya Kibati ziko salama. Waambie maprofesa wenu wa utafiti, wa universite zote tatu, wasiogope.

Umeniuliza mara mbili sababu gani mugonjwa numero 41 hakurudi kutolewa damu tena. Unataka nimuandike "amepotea", kama wale waliokimbia. Mulituapisha sisi tunaotoa damu kambini, majina yasitoke Goma, numero peke yake ndiyo ifike kwenu. Niliheshimu. Tena mwenye numero alinikataza: "Usimuambie yaya yako, amalize kwanza masomo yake."

Ninaandika nikiwa nimesimama. Mabomu inalia upande wa Sake.

Yaya, mama yetu alikimbia toka Masisi kwa miguu. Nilimukuta kambini, tayari mugonjwa, na numero yake nilimuandikia mimi mwenyewe.

Usimuandike "amepotea". Kaburi yake iko Munigi, nilichimba na hii mikono.

Mudogo wako,
Valérie