Neno la Kumsemea Nusaiba

Jumatano, 3 Septemba 2025

Kwa jina la Mola aliyemfundisha mwanadamu asiyoyajua, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Naisalimu siku hii na vumbi lake.

Nusaiba alikuja baada ya alasiri. Ni binti wa marehemu Hemedi, rafiki yangu; nilimsomesha madrasa hapa Kitui tangu hajaijua alifu. Ana diploma ya ukutubi. Tangu ahitimu hajapata kazi ya mshahara — ni kujitolea tu, pamoja na kupanga vitabu vyetu vya msikitini. Sasa ameitwa mahojiano Jumamosi: maktaba mpya ya jamii, Nunguni, kule Makueni kwenye baridi. Anatakiwa mkutubi mmoja. Ameniandika mimi kuwa mtu wa kuulizwa habari zake.

“Maalim, watakupigia. Usizime simu.”

Nikamjibu kuwa simu yangu huzimwa kwa ajili ya swala tu.

“Na usingizi wa mchana,” akasema.

Nilitazama kando, nisicheke.

Ami yake Khalid, wa Zombe, amekwisha sema neno lake: akikosa kazi hii, Jumatatu ya tarehe kumi na tano ahamie kwake auze magodoro. Eti maktaba ni mahali pa watu waliokosa shughuli! Hasina, mama wa Nusaiba, amekubali. Akiingia kwenye duka lile hatatoka.

Jumamosi, 6 Septemba

Amerudi salama. Aliulizwa: mkulima akirudisha kitabu kina matope, utafanyaje? Akajibu kwamba kwanza atamshukuru, maana kitabu kimefika shambani. Kamati ikacheka. Wamebaki wawili, yeye na mwingine. Alhamdulillahi — lakini sikulala mchana.

Jumatatu, 8 Septemba

Wamepiga. Bi Kalondu, mwenyekiti wa kamati. Sauti ya mama wa kanisa, yenye upole.

“Maalim, Kitui mwasemaje? Sisi huku tunaomba mvua tu.”

Akauliza kama binti anafaa. Nilijibu kama nilivyolelewa. Walimu wetu hawakumsifu mwanafunzi, usoni wala kisogoni. Sifa huvuta jicho la husuda na huotesha kiburi. Nikasema: bado mtoto, anajitahidi, elimu ni pana naye ndiyo kwanza ameanza.

Akauliza udhaifu wake. Ushahidi ni amana, sikuficha. Nikasema ni mkali kwa wanaochelewesha vitabu. Hata mimi, mwalimu wake, alininyima kitabu cha pili mpaka nirudishe cha kwanza.

“Haya, mzee. Asante kwa ukweli wako.”

Nilikata simu moyo umetulia.

Jumanne, 9 Septemba

Ya Rabi! Nimefanya nini?

Jirani yangu Nyamai, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, alikuja kuazima toroli. Nikamsimulia ya jana. Akaiachia mikono ya toroli, ikaanguka.

“Woi, Maalim! Umemchinja mtoto wa watu!”

“Nimesema kweli.”

“Miaka yote nikijaza ripoti za shule, ‘anajitahidi’ nilikuwa naandikia wale wa mkia. Kamati inangoja kuambiwa: huyu ndiye, mngemchukua jana!”

“Kwetu hatusifu.”

“Kwenu mnajuana. Kalondu wa Nunguni atajulia wapi?”

Nimempigia Bi Kalondu. Simu imezimwa. Baada ya magharibi — imezimwa.

Jumatano, 10 Septemba

Imezimwa.

Nimeyarudia mafundisho. Mwenye kulazimika kumsifu mwenziwe na aseme: namdhania hivyo, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye hesabu yake. Basi mlango ulikuwepo! Niliusomesha kwa watoto wa watu, nikaupita mwenyewe bila kubisha.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemwambia Nusaiba. Nilimkuta chumba cha vitabu msikitini, anagundisha jalada. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Na ya kitabu kilichochelewa uliwaambia?”

“Niliwaambia.”

Akacheka, si kwa furaha. “Nilipohitimu Kurani, Maalim, uliniambia, ‘Haya, rudi mwanzo.’ Nikaenda nyumbani kulia. Mama akaniambia ninyamaze, hiyo kwa Maalim ni sherehe.”

Kisha akaweka gundi chini. “Lakini wewe mwenyewe waonaje? Nafaa?”

Nikafungua kinywa. Adhana ikaanza. Nikainuka kwenda kutawadha — na udhu nilikuwa nao! Ningeweza kukaa kidogo. Nilimwacha na jalada lake.

Ijumaa, 12 Septemba

Bi Kalondu amepiga asubuhi. Alikuwa kwenye mazishi ya shemeji yake, simu imezimwa. Nikampa pole, kisha nikasema nilikuwa na neno la kuongeza juu ya Nusaiba. La kwanza halikutimia.

“Ngoja, mzee wangu. Usiniambie peke yangu, watasema nimependelea. Tunakaa saa nane, mkishaswali. Nitakupigia niweke spika, useme mbele ya wote.”

“Na yeye atakuwepo?”

“Si tumewaita wote wawili kusikia uamuzi? Atakuwa hapo hapo mbele yangu.”

Subhanallah. Mbele ya uso wake!

Nimetoka msikitini; hotuba ya leo siikumbuki. Nilikuwa nimeandika maneno ya kusoma, nimeyachana. Yalikuwa ya karani. Nyamai amejileta, amekaa mlangoni bila kualikwa.

“Maalim, ukianza na mlango wa kwanza wa elimu, watu watalala. Anza na mtoto.”

Nikamwambia nina miaka arobaini ya kusema mbele za watu.

“Ya kukaripia,” akasema. “Hii ni ingine.”

Nikisema kidogo, ataenda Zombe. Nikisema, nitakuwa nimesema mbele yake nisilowahi kumwambia mtu, naye atasikia kwa spika, mbele ya wageni, kwamba ilibidi nisukumwe.

Simu inalia. Nyamai amesimama — pokea, pokea!

Yeyote atakayeufikia ukurasa huu, Mola amjalie amani, yeye na walio chini ya paa lake; na aibariki nyumba ya Hemedi, na Hasina, na Nusaiba, mwanangu hodari —

Nimeliandika. Bado kulitamka.