Kempa ya Kumpeleka Kukhu Ziwani

Jumatatu, 9 Juni

Vyombo vimeoshwa. Nimetazama kempa ya kumi na moja, nayo ni upuuzi kama zile kumi. Ina televisheni. Mtu anatoka hapa Champlin, anabeba chumba mgongoni mwa pikapu kama konokono, anafika msituni, halafu anajifungia kutazama televisheni.

Shule iliisha wiki iliyopita. Sasa kazi yangu ni hii. Baba alisema, wewe unapenda kusoma vitu, tutafutie kempa. Pikapu yetu ni ya ukubwa wa kati, si dude kama la jirani. Inataka kitu chepesi. Tunampeleka Kukhu, mama yake Baba, aone lile ziwa kubwa la kaskazini kabla hajarudi Kitale mwezi ujao. Amesikia halina ng'ambo. Hoteli hataki. Hawezi kulalia shuka ambayo hajui nani aliilalia jana.

Mama haendi. Kazini hawajampa likizo. Isitoshe, amesema hawezi kupikia chai mahali ambapo akinyoosha mkono anagusa choo. Namuunga mkono.

Jumatano, 11 Juni

Nimefungua mlango wa dereva nikasoma kibandiko. Miaka mitatu tuna gari hili na hakuna aliyewahi kukisoma. Kinasema uzito wa watu na mizigo, vyote pamoja, usizidi ratili 1,150. Pamoja na dereva. Pamoja na kempa yenyewe. Pamoja na maji, mitungi na sufuria.

Nilidhani ni zaidi. Nimekisoma mara tatu.

Nikatoa mizani ya bafuni. Mimi ni 121. Baba alikuwa kazini. Kukhu amekataa kabisa. Alisema mtu hapimwi, maharagwe ndiyo hupimwa. Kisha akarudi kuchambua mboga kana kwamba nimemtukana.

Jumamosi, 14 Juni

Tumekwenda kwenye yadi ya kempa kule Burnsville. Baba, mimi na Anko Wycliffe. Huyu hakualikwa. Ni rafiki wa Baba wa kanisani, na zamani aliwahi kuendesha lori kutoka Mombasa mpaka Kampala. Kwa hiyo anajua kila kitu chenye magurudumu. Ukimwonyesha toroli atakueleza makosa yake.

Muuzaji alizungumza nami polepole, kwa sauti kubwa, kama ninayesoma midomo yake. Nimezaliwa hapahapa. Sikumwambia.

Anko amechagua ile nyeupe. Kuta ngumu, choo, bafu, kabati la viatu. Kabati la viatu! Ikiwa tupu ina ratili 1,050.

"Hii sasa ni nyumba," akasema, akiipiga kofi ubavuni kama ng'ombe wa mnadani. "Mama yako atalala kama malkia."

Baba akauliza kama gari litaweza.

"Wafula, usinichekeshe. Kule nyumbani pikapu ndogo kuliko hii inabeba ng'ombe watatu, na wenye ng'ombe, na mtu wa kushika mkia. Tutaongeza springi. Majani mawili ya chuma kila upande. Kwisha."

Muuzaji akatikisa kichwa kukubali. Haelewi Kiswahili. Angekubali hata kama Anko angeomba kuoa binti yake.

Nilikuwa nimeandika hesabu kiganjani. Zinabaki ratili mia moja. Hata mimi peke yangu sitoshi. Gari liende bila dereva, bila bibi, likimbebea nani hicho choo?

Baba aliniuliza naonaje. Nikasema, "Mm."

Mm. Miaka kumi na miwili ya shule.

Ataweka arubuni Jumamosi ijayo.

Jumapili, 15 Juni

Nimesoma kuhusu springi. Zinainua gari lisionekane limelemewa. Breki zinabaki zilezile, ekseli ileile, kibandiko kilekile. Ni sawa na kumvalisha mgonjwa koti zuri.

Baada ya ibada Anko akaja kula, kama kila Jumapili. Alimweleza Kukhu habari za ile nyumba nyeupe. Barabara ya ziwani ina miteremko mirefu, na mimi nilikuwa naiona yote: sisi tukishuka, breki zikinuka, Kukhu kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani.

Tangu Kukhu afike, maji ya kunawa yamerudi kuwa ya jagi na beseni, ingawa bomba liko hatua tatu kutoka mezani. Ninayezunguka nayo ni mimi. Nikafika kwa Anko. Nikammiminia. Alikuwa anasema tena habari za ng'ombe watatu. Nilipanga kusema jambo la maana kuhusu ekseli. Kilichotoka ni hiki:

"Anko, wewe una ratili ngapi?"

Maji yaliendelea kumwagika.

"Mtoto huyu ananitafutia jeneza?" akauliza Anko. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Baba aliniambia niweke jagi chini niende chumbani. Nimekaa huku mpaka Anko akaondoka. Sioni aibu. Hapana, naona aibu nyingi. Lakini swali lilikuwa sahihi.

Jumanne, 17 Juni

Baba hasemi nami. Anaacha ujumbe kwa Mama. "Mwambie binti yako afunge gereji."

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Baba ni muuguzi. Kazini hampi mtu dawa kabla ya kumpima uzito. Anampima mzee asiyeweza kusimama, anampima na kitanda chake. Halafu anarudi nyumbani anapokea vipimo kutoka kwa mtu aliyehesabu ng'ombe kwa macho.

Asubuhi nilimwambia. Alikuwa anafunga kamba za viatu, na hilo lilinisaidia kwa sababu hakuwa ananitazama. Nikasema, "Baba, unaweza kumpa mtu dawa kwa kumkisia?"

Akafunga kiatu cha pili. Akaenda kazini.

Alhamisi, 19 Juni

Kukhu alikuja chumbani kwangu bila viatu, bila leso, bila kilemba. Sikuwahi kumwona bila kilemba. Akasema nimpime.

"Lakini usiandike mahali watu wanasoma."

Nimeandika hapa. 139.

Aliuliza ni nyingi? Nikasema ni sawa tu. Akasema basi huyo Wycliffe aache kumsingizia nyumba nzima, yeye hajaomba bafu, ameomba kuona maji. Alikuwa bado juu ya mizani Baba alipoingia na sare zake za kazi. Alitutazama. Akamshika mama yake mkono, akamshusha, akavua viatu, akapanda yeye. 214. Akaomba hesabu zangu, nikampa karatasi niliyozihamishia. Aliisoma akiwa amesimama, mwanzo hadi mwisho, na kidole chake kikifuata mstari kama anavyosoma faili za wagonjwa.

Simu yake ikalia mara mbili. Aliyepiga ni Anko. Hakuipokea.

Jumamosi, 21 Juni

Yadi tena. Safari hii Kukhu pia. Anko alikuja kwa gari lake mwenyewe, amenuna, akasimama mbali akikagua magurudumu yasiyomhusu.

Ile nyeupe hatukuigusa. Niliwapeleka kwenye niliyoichagua mimi. Ratili 480. Ndani hamna kitu, ila benchi moja pana la kulalia chini na kitanda kimoja juu, upande wa kichwa cha gari. Paa unalisukuma linainuka, na kuta za juu ni za turubai. Hakuna choo. Baba, mimi, Kukhu na kempa, zinabaki ratili 196 za maji na chakula. Nilimweleza muuzaji mwenyewe, kwa sauti ya kusikika. Sasa alisahau kuongea polepole. Nikamtazama Anko kwa dharau yangu yote. Niliona utamu, sitadanganya.

Muuzaji alikuwa ameiweka juu ya pikapu ya maonyesho iliyo kama yetu. Kukhu akazunguka hadi nyuma, kwenye mlango. Mlango uko usawa wa kifua chake. Chini yake kuna kingazi cha chuma cha kukunja, chembamba kama cha banda la kuku. Akakishika. Akakitazama. Akaondoa mkono.

"Na mimi mnanipandisha na nini?"

Aliuliza taratibu, bila kulaumu. Baba akanitazama. Mimi nikatazama karatasi. Kilikuwamo kila kitu, hadi uzito wa majani ya chai. Nilikuwa na ratili za Kukhu. Sikuwa na magoti yake. Wiki nzima nilikuwa nawacheka watu kwa kukisia, na mimi sikumuuliza mwenye safari swali hata moja ila hilo la mizani.

Aliyesogea ni Anko. Alikwenda kwenye kibanda cha muuzaji akarudi na kreti mbili, moja kubwa na moja ndogo. Akazipanga, akazijaribu kwa mguu wake mwenyewe, akainama na kutoa bega.

"Mama, kanyaga hapa. Nishike mimi, usishike chuma."

Kukhu akapanda. Akakaa kwenye benchi. Akagusa turubai kwa kucha.

"Kitambaa," akasema. "Basi nitasikia maji nikiwa nimelala."

Baba ameweka arubuni ya hiyo.

Jumapili, 29 Juni

Kempa imefungwa mgongoni mwa pikapu. Tunaondoka Jumatano. Jana kutwa Baba na Anko walikuwa gereji wakitengeneza ngazi ya mbao. Vidato vitatu vipana, mkono wa kushikia upande wa kulia, kwa sababu goti la kulia ndilo linalomsumbua. Kukhu mwenyewe alisema kila kidato kiwe kirefu kiasi gani, akionyesha kwa kiganja. Niliipima. Ratili 31. Zimebaki 165.

Leo Anko alikuja kula. Alianza kwa kuzunguka gari, akasukuma nyuma kwa mkono, akasema, "Imekaa vizuri," kama ni yeye aliyeichagua. Sikusema neno. Ni tabia yangu, ila leo niliifanya kwa makusudi.

Nikaleta jagi na beseni. Nikammiminia. Wengine walikuwa wanabishana kuhusu viti. Anko alisugua vidole muda mrefu kuliko kawaida, macho kwenye beseni, akasema chini chini:

"Mia mbili thelathini na nane."

Nikasema, "Asante, Anko." Nikampa taulo.

Hasafiri nasi. Sikuiongeza kwenye orodha.