Liwali wa Ziwani

Baba Salim,

Salamu zikufikie huko uliko, ikiwa salamu za mke zavuka. Nakwandikia nikiwa chumbani mwetu, kitandani upande wako, maana upande wangu nimetandaza shuka yangu ya eda ikauke. Imeroa maji ya ziwa na matope mpaka kwenye pindo. Mama yako yuko ukumbini na tasbihi yake, na tangu asubuhi hajanisemesha. Nina jambo moja la kukuomba, na ukikataa tutagombana, uwe umekufa usiwe umekufa.

Ni yule kambare wako. Ulimwita Liwali kwa sababu, ulisema, ana sharubu ndefu, ala mali za watu, na ukimtaka kwa shida yako humpati. Nikacheka siku ile. Ee Mungu nisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakwambia, mwanamume mzima, mkwezi wa minazi anayejulikana Kisauni nzima, washindana na samaki wa kwenye dimbwi la ng'ombe! Kwani ziwa lile la nyuma ya minazi yetu ni ziwa? Kiangazi mbuzi alivuka bila kuogelea. Lakini bata wa jirani yetu Kadzo walipoanza kupotea mmoja mmoja, na ng'ombe wakawa hawanywi tena upande wa mafunjo, wanasimama tu na kutazama, nikaacha kucheka. Wewe hukuacha kwenda.

Na sabuni yangu! Kila nikinunua mche wa sabuni ya kufulia nakuta umekatwa pembe. Wasema kambare haachi chambo cha sabuni, hata akiwa ameshiba. Nikakuuliza, sasa mimi nifulie nini, mate? Ukanijibu, "Vumilia mke wangu, nikimtoa Liwali utafua kwa mafuta yake." Kisha wajikalia pale ukingoni, umejifunga mshipi wa kuvulia kwenye kifundo cha mkono fundo tatu, ili ukisinzia akuamshe mwenyewe. Fundo lile sikulipenda tangu siku ya kwanza. Nilikwambia mtu hajifungi na kitu asichokijua uzito wake. Ukasema nami ulinioa hivyo hivyo.

Miaka yote ya ndoa yetu niliogopa mnazi, Baba Salim. Kila dafu likianguka kwa kishindo, roho yanitoka, nasema leo ndiye. Kumbe nilikuwa naogopa kitu sicho. Walikukuta kwenye maji ya kiuno. Mtu mrefu kama wewe! Waliokuosha walimwambia mama yako, na mama yako kaniambia mimi, kwamba mshipi ulikuwa umekatikia majini, lakini fundo lilikuwa bado mkononi, limezama nyamani mpaka wakalitoa kwa ncha ya kisu. Watu wakasema ni kifafa. Wengine, moyo.

Sasa nikueleze ya huku. Mjini hakulaliki kwa maneno. Huyu asema mwambao ubaki peke yake, yule asema uhuru ni mmoja, na vijana wapita barabarani wakiimba mpaka madirisha yatetemeka. Wasema bendera ya Sultani itashuka na Liwali wa mjini hatakuwapo tena. Kadzo aliponiletea habari hiyo alicheka, akasema, "Basi wa huku nyuma naye aondoke." Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. Wamjua Kadzo, Mkristo wa Frere Town, haamini mizimu wala hirizi, kila Jumapili yuko kanisani. Lakini bibi yake wa Rabai alimwambia alipokuwa mdogo kwamba maji yakishamwonja mtu wa nyumba moja, hurudi mlango ule ule. Nikamwambia aachie hapo. Hakuachia. Akaniuliza, "Salim yuko wapi saa hizi?"

Salim wetu, Baba Salim. Yule ambaye tulizika watoto watatu kabla yake.

Baada ya hitima yako alirudi kwenye kibarua chake bandarini, nikashukuru. Kisha siku moja hakuvuka daraja. Siku ya pili hakuvuka. Nikafikiri ni huzuni, nikamwacha. Mimi mwenyewe niko ndani na eda yangu, sitoki, namwona akiingia kula na akitoka, basi. Halafu nikaona sabuni imekatwa pembe.

Nilikaa na ule mche mkononi kama mjinga. Tangu hapo nikawa namtazama. Akaanza kukohoa kikohozi chako, kile cha mara mbili kabla ya kubisha hodi. Akaanza kukaa kwenye kibao chako, mgongo ukutani, mguu mmoja juu. Mama yako alifurahi, akasema damu haipotei. Mimi nikamwomba Salim aliache lile ziwa. Nikamwomba kwa mema, nikamwomba kwa maziwa niliyomnyonyesha. Akaniitikia, "Naam mama," kwa adabu zote, akatoka akaenda ziwani. Hakunibishia hata neno. Laiti angenibishia!

Leo asubuhi imenyesha ile mvua ya kuacha jua linawaka. Nilikuwa nachambua mchele. Kadzo akaja mlango wa uani, hana hata kanga kichwani, akasema, "Mama Salim, mwanao ameingia majini. Amejifunga."

Nikainuka. Mama yako akasimama mlangoni, mikono yote miwili kwenye miimo. Akaniambia, "Utatoka na eda ya mwanangu? Watu watasema nini?" Baba Salim, mama yako nimemheshimu tangu nilipoletwa nyumba hii, sijawahi kumpandishia hata jicho. Leo nimemsukuma. Alianguka kitako kwenye jamvi, na mimi nikapita juu ya miguu yake. Nitamwomba radhi, lakini si leo.

Nimepita barabarani mchana kweupe, na shuka yangu nyeupe, kisu cha jikoni mkononi. Wanaume wakageuza nyuso ukutani kwa kunisitiri. Mmoja alisoma kwa sauti, "Audhubillahi," sijui alinidhania nini. Sikujali. Mjane wa watu wa Kisauni hakuonekana njiani kabla ya kutoka edani tangu nizaliwe, na sasa ameonekana. Wapate la kuzungumza.

Nikamkuta. Maji yako kiunoni mwake, pale pale pako, upande wa mafunjo. Mshipi umenyooka mbele yake, umekaza mpaka watiririka maji, na mkono wake umenyoshwa mbele. Nilidhani nitamkuta akivuta, akipigana. Hakuwa akivuta. Alikuwa akienda. Hatua, atulia. Hatua, atulia. Na uso wake, wallahi, alikuwa akitabasamu. Nikamwita kwa jina lake, nikamwita kwa jina la utotoni, hakugeuka. Ng'ombe wa watu wamesimama kule ng'ambo, hata mmoja hakulia.

Nikaingia. Sijui kuogelea, wajua. Matope yalinishika magoti, maji yakapanda, nikamfikia yamenifika kifuani. Nikaushika ule mshipi ili niukate, na hapo ndipo nilipousikia mkononi mwangu. Samaki hutikisa, Baba Salim. Hata kambare mkubwa hutikisa, hukimbia huku, huzunguka kule, ulinifundisha mwenyewe. Hiki hakikutikisa. Kilikuwa kikivuta polepole, kwa subira, kama mtu amshikaye mwenziwe mkono wakaenda pamoja. Nikakata. Kisu butu, nikakata mara nyingi, mpaka ukaachia ukapotea chini.

Salim akageuka. Akanitazama kama aliyeamshwa usingizini, akaanza kulia. Akaniambia, "Mama, mbona umekata? Baba alikuwa ameshika upande wa pili."

Amelala sasa. Kadzo yuko naye, amemkalia mlangoni na mchi wa kinu, eti akitoka atampiga mguu. Mkono wa Salim nimeupaka mafuta ya nazi. Alama imezunguka kifundo chote.

Sasa nisikilize. Sijui kama ni wewe. Pengine mtoto amechoka na msiba, aona asiyoyaona. Pengine ni yule mnyama tu, na wewe uko kwa Mola wako umetulia, na mimi nakusingizia. Ikiwa ni hivyo, nisamehe, maana nakupenda na sijapata hata usingizi mmoja mzuri tangu ulipoondoka. Chumba kikubwa. Sina wa kumgombeza.

Lakini ikiwa ni wewe, ikiwa ni upweke, ikiwa huko hakuna wa kukaa nawe ukingoni, basi nakwambia kwa adabu: mwache. Huyo ndiye niliyebaki naye.

Jeneza lako lilipokuwa halijatoka, waliniita nyuma ya pazia wakaniuliza mbele ya wanawake wote kama nimekupa radhi zangu. Nikasema nimekupa, dunia na akhera, sikudai kitu. Nilisema kwa moyo safi. Wanasema maiti aliyeridhiwa na mkewe kaburi lake huwa pana.

Nitakusomea Yasini kila Ijumaa maadamu nina pumzi. Nitapalilia kaburi lako, nitamwomba radhi mama yako na kumtunza mpaka siku yake. Hayo ni ahadi. Kwaheri, Baba Salim, kwaheri mume wangu, lala.

Na ukimwita tena mwanangu, radhi zangu nazitaka zirudi. Zote. Kaburi likubane.

Mkeo,
Mama Salim