Karatasi ya Kumpelekea Msuluhishi

Shangazi mpendwa,

Natumai mgongo umepata nafuu. Huku cherehani yangu imetengemaa, na mapacha wameng'oka meno ya mbele, wote wawili, wiki moja.

Alhamisi mimi na baba yao tunakwenda kwa msuluhishi. Alituagiza kila mmoja aandike anavyotaka wasichana waishi, maadamu tumetengana. Mimi nilijaza kurasa nne za makosa yake tu. Niliogopa, Shangazi, kwamba ataninyang'anya wanangu.

Jana mchana akapiga simu. "Mama Mapacha, hii karatasi imenishinda. Wewe umeandika nini?"

Nikaona haya kumsomea. "Anza wewe."

Akakohoa. "Nimeandika mstari mmoja: wakae kwako, mimi niwachukue Jumamosi. Kusuka nywele zao siwezi."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka. Kisha nikazichana zile kurasa, nikaandika upya: Jumamosi, na Jumapili pia.

Usianze kupiga vigelegele. Hatujarudiana wala haturudiani. Ila leo nimekula nikashiba, mara ya kwanza tangu aondoke.

Nakukumbatia,
Mwanao, fundi wako wa magauni