Wale Waingereza Hawaziki

Guangzhou, Jumapili, mwezi wa tatu 1998. Unyevu. Kuta za chumba zinatoka jasho, na sakafu utadhani imepigwa deki na mlevi.

Mimi ni mtu wa bahati, nani abishe. Nimekanyaga Dubai, Bombay, Bangkok, na kote huko bahati imenitangulia kunishikia kiti. Hata msiba umenipitia kwa mbali. Kaka yangu Salehe kafariki Ijumaa, Dar, na mimi sijatoa chozi. Nakula, nalala, natania watu. Wangapi wanapata ganzi ya bure namna hii? Daktari wa meno anaiuza.

Kazikwa siku hiyohiyo, baada ya sala ya Ijumaa, kama dini yetu inavyotaka. Mimi nilikuwa soko la Zhongda napapasa vitambaa vya mapazia vya kwenda kuuza Dar. Niliporudi hotelini, msichana wa mapokezi akaniambia nyumbani wamenitafuta mchana kutwa. Nikapiga simu. Mke wa Salehe akasema, "Wanaume wameshatoka makaburini, shemeji."

Nikajibu ahsante.

Ahsante! Kama mtu aliyerudishiwa chenji.

Tangu hapo natazama Waingereza. Niliwaokota pembeni mwa barabara ya Guangyuan Xilu, VCD za sinema za mauaji ya kijijini. Kila sinema ina sahani mbili: ya kwanza wanaua, ya pili wanamkamata muuaji. Kiingereza changu ni cha kuulizia bei, shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini hizi nazielewa zote.

Kijiji chenyewe kisafi kama vyombo vya wageni. Maua mlangoni, kengele ya kanisa, bibi wa kofia kabeba keki. Halafu mzee mmoja anakutwa kalala kwenye zulia, kisu mgongoni, na hakuna anayepiga ukunga. Wanabandika birika. Kisha wanaanza kuulizana taratibu: alikuwa mtu gani? Alimpenda nani? Jana yake alikuwa na furaha? Kijiji kizima hakina kazi nyingine.

Na maiti anasubiri. Hapo ndipo raha yake.

Bi Mwanaidi, jirani yangu wa chumba cha pili, hajaiona hiyo raha. Huyu ni mama wa Unguja, mnunuzi wa mashuka, anayekalia robota la mtu mpaka bei ishuke. Wachina wanamwita laoban, yaani bosi, na wanamwogopa. Tangu Ijumaa ananiletea uji. Kila akija anauliza lini watanisomea.

Maana hapa ndivyo tunavyofanya. Mtu akifiwa, Waswahili tunajaa chumbani kwake, godoro linasimamishwa ukutani, mkeka chini, Yasini inasomwa. Nani hubeba magodoro ya watu? Mimi. Nani huwachekesha wafiwa baada ya dua? Mimi. Sasa zamu yangu imefika, nawaambia ngojeni nimalize sinema.

Leo mchana Bi Mwanaidi kakaa na bakuli lake tukatazama pamoja. Nilikuwa namtafsiria, na nyongeza zangu za Kariakoo. Katikati akanikatiza.

"Hebu n'ambie, mwanangu. Huyu marehemu aoshwa lini?"

"Bado wanachunguza, Bi Mkubwa."

"Siku ya tatu hii! Chai wanywa, keki wala, na maiti hawamziki?"

"Ndiyo sinema yenyewe."

"Basi sinema haina adabu. Mzikeni, nyie! Mwamngoja nani?"

Nikacheka sana. Nilipogeuka, hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa ananitazama mimi, vilevile kama yule bibi wa kofia, mpelelezi wao, anavyowatazama watu wa kijiji kizima.

"Na weye wamngoja nani?"

Sahani ya kwanza ikaisha. Nikamwambia ya pili haimo, muuzaji kanipunja. Kaweka bakuli chini, kajifunga kanga vizuri, kashika godoro langu kwa upande mmoja.

"Mgongo waniuma. Shika upande wako."

Tulipoliinua, kitu kikadondoka sakafuni kikalia. Sahani ya pili. Niliificha mwenyewe, nikailalia tangu Ijumaa. Bi Mwanaidi kaiokota, kaifuta unyevu kwa pindo la kanga, kaiweka juu ya televisheni. Akatoka, na nikamsikia anagonga milango ya wenzetu mmoja mmoja.

Sijui muuaji ni nani. Nadhani mchungaji wa lile kanisa. Sina hamu tena ya kujua.

Naandika nimekaa sakafuni, godoro limesimama linalowana ukutani. Kesho baada ya alasiri wanakuja kumsomea Salehe, na mtu ataniuliza alikuwa mtu gani. Nimetoa maneno ya kuuzia mpaka majiwe sokoni, na hili sijui nitaanzia wapi. Labda alivyokuwa akinyoa ndevu huku anaimba, tena vibaya, na mlango wazi mtaa mzima usikie.

Ile bahati niliyojisifia pale juu, sina. Wamemzika kaka yangu bila mimi.