Kifungu Kile Kile

Jumatatu, 6 Aprili 2009
Silvena kaja baada ya shule, kavua viatu mlangoni, kafungua friji kabla hata ya kunisalimu. Ndivyo alivyo binti wa kaka yangu, na ndivyo ninavyompenda. Kamaliza pilipili hoho zangu zote za kuchoma. Kisha, macho yakiwa kwenye sahani: "Shangazi, nimechumbiwa."
Miaka kumi na tatu! Mwanamume ana ishirini na tatu, wa mji mwingine, kibarua Ujerumani. Harusi mwezi ujao, sikukuu ya Hidrelezi.
Nikamuuliza yeye anataka nini.
"Kumaliza darasa la saba. Kwenye biolojia tumefika moyo wa chura."

Jumanne, 7 Aprili
Kwa Asen. Kaka yangu, tumelala kitanda kimoja utotoni, kumchukia siwezi. Kanichemshia kahawa mwenyewe. Anasema anaogopa — vijana wa mtaani, midomo ya watu. "Dada, namlinda." Nikamwambia sheria inamkataza mtu mzima kuishi na msichana wa chini ya miaka kumi na sita kama mkewe. Akacheka, bila ubaya. Sheria hiyo, kauliza, imewahi kuingia mtaa wetu wa Waroma, jipsi wanavyotuita?
Nikamalizia kahawa yake, nikatoka.

Alhamisi, 9 Aprili
Kituo cha polisi. Inspekta ananijua, mwaka wa sita huu nawapeleka wanawake wetu zahanati na kuwasemea kwa madaktari. Adabu tupu. Kiti, maji.
"Bi Sevda, hayo ni mila zenu. Tukiingilia, mtatuita wabaguzi."
Mwaka jana binti wa daktari wa meno, miaka kumi na tano, alikutwa akiishi kwa mwanamume wa ishirini na mbili. Mwanamume alilala rumande siku hiyo hiyo. Kifungu kile kile. Nikauliza wa kwetu kapungukiwa nini. Inspekta akapanga makaratasi yake.
Sikulia mbele yake. Nililia kwenye ngazi.

Jumapili, 12 Aprili
Wote kwangu. Silvena anamsuka Mama nywele — nyeupe pe, bado ndefu.
"Bibi, uliolewa na miaka mingapi?"
"Kama yako."
"Na polisi?"
"Alikuja. Sheria ilikuwepo hata wakati ule. Akala kondoo, akacheza kunishinda."
Walicheka mpaka kitana kikaanguka. Kisha Mama akasema, taratibu, kwamba mwalimu alikuwa amewafikisha herufi ya kumi na mbili. Zilizobaki hakuziona kamwe.
Silvena akaacha kusuka.
"Endelea, mjukuu wangu," Mama akamwambia. "Mkono wako mwepesi."

Jumatatu, 13 Aprili
Naandika nikiwa kituoni, daftari gotini. Bila shaka wanadhani nachukua kumbukumbu.
Asubuhi Mama kavaa koti la sikukuu. Twende, kasema, kwa huyo inspekta wako. Nikamwonya atatuambia mila. "Mwenye mila si mimi? Basi aniulize mimi."
Na kweli, kaanza na mila. Mama kamsubiri amalize.
"Mwanangu, hizo mila nimeishi nazo miaka hamsini na minane. Wewe umezisikia tu. Chukua kalamu."
Akachukua! Kauliza amwandike kama nani, mlalamikaji au shahidi.
"Andika bibi yake."
Anaandika. Jina, Nazmie. Mwaka wa kuzaliwa. Mama anaeleza polepole, kama anayemsomea mtoto imla, na yule bwana hajamkatiza hata mara moja. Mengine hata mimi sikuyajua. Natamani kumshika mkono, ila naandika.
Asen kaingia sasa hivi, anahema. Silvena kamwambia tuko wapi. Amesimama mlangoni, kofia mkononi. Kasikia nusu ya mwisho.
Mama hakugeuka. Amejisogeza kwenye benchi, ikabaki nafasi ya mtu mmoja.
"Kaa, mwanangu. Utachoka."
Hajakaa. Hajaondoka. Inspekta anamtazama yeye, kalamu juu ya karatasi, anamuuliza kama ndiye baba.