Mlango wa Kabati la Mama Mkwe

Bibi Rahabu mshauri wetu, shikamoo, naomba msaada wako maana hapa Kwai sina mtu wa kumweleza jambo hili bila kuchekwa. Mimi ni seremala katika karakana ya kijiji chetu cha ujamaa, mwaka huu mambo yangu ni mazuri, viazi vimekubali, na Mzee Sefania amekubali nimwoe binti yake Yudith, basi kwa furaha nikaahidi kumtengenezea mama mkwe kabati la vyombo, nikapata mbao za mkulo, nikazipiga randa mpaka zikang'aa, kabati likasimama vizuri sana, ila mlango, Bibi, mlango ndio unaniua. Karakana ina keke moja ya kutobolea mbao na biti moja tu, kile chuma cha ncha yake, ile nene tunayotobolea vitanda vya kamba, nami nikatobolea hiyo hiyo matundu ya bawaba, skrubu zikaingia kwa kidole bila bisibisi, nikazishikiza kwa njiti za kiberiti na sabuni, lakini Yudith alipokuja kuangalia akavuta mlango ukambakia mkononi, akacheka akasema, "Kornelio, mama ataweka vikombe humu au atafuga kuku?" Kabati linapelekwa Jumamosi mbele ya shangazi zake wote. Biti nyembamba anazo Mzee Sefania mwenyewe, alikuwa seremala zamani, lakini nimeshamwomba binti, nitarudi vipi kuomba na biti, si ataona anamwoza mtoto wake kwa fundi asiyejua kazi? Rafiki yangu Tobia ananiambia nipigilie misumari, nikiulizwa niseme mbao ilikuwa mbovu. Nifanye nini?

Kornelio, Kwai

Marahaba, Kornelio. Hongera kwa mchumba, na nimefurahi viazi vimekubali. Sasa kaa chini nikuseme.

Tundu la kamba ni la kupitisha kamba. Umetoboa tundu la kupita, skrubu imepita, unashangaa nini? Mimi shule sikukaa sana, lakini marehemu mume wangu alitengeneza milango mingi hapa Lushoto, na mbao alizotoboa mimi ndiye niliyezishika. Alikuwa anaiweka biti mbele ya skrubu na kuzielekeza dirishani. Biti ikiificha skrubu yote, ni nene mno, irudishe. Unayoitaka inaficha mwili wa skrubu tu, meno yanaonekana huku na huku, maana meno ndiyo yanayoshika mbao. Ila mkulo nao ni mgumu, ukizidisha wembamba skrubu itakatikia humo au mbao ipasuke. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, si kwenye mlango wa mama wa watu. Na sabuni inapakwa kwenye meno ya skrubu ili iingie bila kulia. Nani alikutuma kuishindilia tunduni kama ugali?

Matundu uliyoharibu, chonga vijiti vya mkulo mkavu, vitie gundi, vigongee vijae, viache vikauke mpaka kesho yake, ukate sawasawa, ndipo utoboe upya. Funga uzi kwenye biti pale unapotaka kuishia, usije ukatokea upande wa pili. Tobia mwambie misumari yake akapigilie kwake.

Haya, la mkwe. Mjukuu wangu, mtu amekupa binti aliyemlea, atakunyima kichuma kisichofika urefu wa kidole? Nenda kesho asubuhi, usitume mtu. Vua kofia, amkia vizuri, useme, "Baba, nimekosea matundu, naomba uniazime biti." Atakusema. Mwache akuseme, naye akimaliza atakuja mwenyewe kukushikia mbao, nawajua maseremala wazee. Lakini ukimdanganya, kabati hilo litakaa nyumbani kwake na kila akitaka kikombe atashika mlango wako. Yeye ni fundi, atajua mara moja kwamba si mbao. Bora akukute hujui kuchagua biti, hilo atakufundisha kabla ya Jumamosi. Uongo hatakufundisha kuuacha, atamrudisha binti yake ndani.